Siku Ostende Waliponiita Bingwa

Aibu hii nilitaka kufa nayo, lakini kwa vile mke wangu Furaha anaihadithia kila harusi, na kila harusi anaongeza chumvi, bon, bora niwape mimi mwenyewe ile ya kweli.

Ilikuwa miaka ya tisini, nafanya usafi kwenye maofisi ya Schuman huku Ulaya, na kikosi chetu kikaandikishwa kukimbia dix kilomètres, kilomita kumi, kule mji wa Ostende kando ya bahari, jioni ya mwezi wa sita (saa nne usiku bado unasoma gazeti nje bila taa). Jeannot, mkubwa wetu wa kazi, mutu wa Goma, alituonya: "Mukunywe maji mingi, musianguke." Mimi nikamaliza lita mbili nzima ndani ya treni.

Tulipofika kilomita ya tatu, zile lita mbili zikadai njia. Nikachepuka kwenye mkahawa, nikaingia chooni mbio bila hata kusalimia, na wakati wa kutoka nikaona haya kupita tena mbele ya mama wa kaunta (sikununua kitu!), basi nikatokea mlango wa nyuma. Uamuzi huo ndio ulioniponza. Nje nikakuta barabara yenye kamba pande zote na watu wamejipanga, nikajua ndiyo njia yetu ileile, nikaendelea kukimbia.

Mara makofi yakalipuka. Nikatazama mbele: hakuna mtu. Nikageuka nyuma: mzungu mmoja mrefu, anahema kama ng'ombe. Kumbe mlango ule wa nyuma umenitoa kwenye mita za mwisho, nimeruka karibu mbio nzima! Na watu, kwa kuona mweusi ametangulia, walishahukumu palepale: "Kenya! Kenya!" Mimi wa Bukavu, na tumbo langu hili! Nilitaka kusimama, kweli, lakini jamani, mumewahi kushangiliwa na mji mzima? Nikajikuta hata napunga mkono.

Mwisho wa njia Furaha, aliyekuja kunisubiri, alipiga vigelegele mpaka bendi ikanyamaza, akaniita kwa jina la mtoto wetu: "Papa Asifiwe! Kumbe ulikuwaka unatuficha!" Akanikumbatia akilia. Hapo mtangazaji akanisogezea kipaza sauti, ananiuliza kwa Kifaransa siri ya ushindi wangu. Nikamwona yule mrefu ameinama, mikono magotini, uso umesawijika kama mtu aliyefiwa. Nikashindwa kudanganya. Nikasema, mji mzima unasikia: "Monsieur, mimi nilienda chooni."

Halafu yule mrefu akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini, na watu wote wakamfuata. Furaha peke yake hakucheka. "Alors, ku toilette? Na ile machozi yangu yote?"

Bingwa wa kweli, yule mrefu, alikuwa mwalimu wa shule, na baada ya kuvishwa medali yake alitununulia frites, vile viazi vya kukaanga, tukala watatu juu ya ukuta, miguu inaning'inia, jua linazama taratibu, na Furaha naye mwishowe akacheka mpaka akapaliwa.

Kukimbia sikuacha. Ila tangu siku ile, nikisikia makofi, kwanza nageuka nyuma nione ni ya nani.