Mke Mwenzangu Aliponunua Sabuni

Magoti yangu yalipokataa kulima, mwenyekiti wa kitongoji aliniandikisha kwenye mafunzo ya biashara ndogo kwa wazee, hapa Kibondo. Tulikutana kwenye ukumbi wa kanisa. Wengi wetu tulikuwa wajane, baadhi wakiwa watu waliokimbia Burundi zamani na sasa ni raia kama sisi. Mwalimu wetu alikuwa binti aliyekuja kwa basi kutoka Kasulu. Aliongea taratibu, na Kiswahili kilipotushinda alitueleza kwa Kiha.

Mimi nilikaa karibu na mlango, kwa sababu mke mwenzangu alikuwa amekaa mbele. Mume wetu alipofariki tuligombania shamba la bondeni mpaka tukafika baraza la kata. Shamba liligawanywa, na tangu hapo hatukusalimiana. Tukikutana kisimani, mmoja alijifanya anatafuta kitu ndani ya ndoo yake.

Tulifundishwa kutengeneza sabuni ya mawese, kisha tukaanza kujifunza kuuza. Mwalimu, ambaye hakujua habari zetu, alinisimamisha niwe muuzaji. Halafu akamgeukia mke mwenzangu.

"Na wewe mama, utakuwa mteja. Njoo ununue."

Watu waligeuka kututazama, maana wote walitujua. Nilidhani atakataa. Alisimama, akakaza kitenge chake, akaja akachukua kipande cha sabuni na kukinusa.

"Hii haichubui mikono?"

"Haichubui. Mwenyewe naifulia."

"Mbona laini hivi?"

"Haijakauka vizuri. Ukiianika itakaza."

"Kwa hiyo unaniuzia kazi ya kuanika?"

Watu wakaanza kucheka, naye akacheka, na mimi nikajikuta nacheka huku nimeziba mdomo kwa mkono. Mwalimu alisema mteja wa namna ile humfundisha muuzaji zaidi kuliko yeye mwalimu.

Mimi na mke mwenzangu njia yetu ya kurudi nyumbani ni moja. Alitembea nyuma yangu mpaka tulipovuka daraja, ndipo akasema, "Kutengeneza unajua. Kuuza hujui."

Sikukasirika, kwa kuwa ilikuwa kweli. Nikamuuliza, "Wewe unajua?"

Akaniambia kwamba kabla hajaolewa alikuwa akiuza ndizi sokoni Kasulu. Miaka yote tuliyoishi kwa mume mmoja sikuwahi kulisikia hilo.

Tukaanza hivyo. Mimi natengeneza nyuma ya nyumba yangu, yeye anapeleka sokoni. Mzigo wa kwanza uliokwenda Kasulu ulirudi karibu wote, wanunuzi wakisema unanuka mawese. Alinieleza bila kunificha, nami nikajaribu kuweka mchaichai mpaka harufu ikatulia. Siku hizi sabuni inaondoka. Shamba hatulizungumzii.

Masika haya, siku moja ya soko hakuja kuchukua mzigo. Nilimsubiri, mwishowe nikaenda kwake, nyumba ambayo sikuwahi kuikanyaga tangu msiba. Nilimkuta kitandani ana homa. Alijaribu kuinuka anikaribishe.

"Lala," nilimwambia.

"Binti yangu amefuata dawa hospitali. Kuni ziko nyuma ya mlango, kama unataka chai."

Niliwasha moto nikampikia uji. Alikunywa nusu kikombe, akageukia ukutani, akasinzia. Nilikaa pale jikoni nikikoleza moto mpaka binti yake aliporudi na dawa.