Ndunge Aliyeogopa Mtoto Mkubwa

Ukienda soko la Makongeni leo na umwulize Ndunge odowa, atakujibu kwamba zimeisha. Zimeisha tangu mwaka juzi. Atakuuzia njugu, atakuuzia ndengu, na ukizidi kumwuliza atakununia mpaka ujute. Lakini kuna wakati ambapo Thika nzima haikuwa na mtu aliyezijua odowa kama yeye, yale mawe laini ya udongo ambayo wajawazito hutafuna kama biskuti. Mimi nauza githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, meza ya pili kutoka kwake, mwaka wa kumi na mmoja huu. Ninayosimulia nimeyaona, na nisiyoyaona nimeyasikia, kwa sababu Ndunge hajui kunong'ona.

Alizipanga kwa mafungu kama sonara. Fungu hili la asubuhi, hili lina chumvi kidogo, hili la miezi ya mwisho. Miezi ya mwisho! Jiwe ni jiwe, lakini nani angembishia? Tena alikuwa na kipaji kingine: alitambua mimba kabla ya mwenyewe. Msichana akisimama mbele ya meza akameza mate mara mbili, Ndunge alikuwa ameshampongeza. Aliwahi kumpongeza hivyo binti wa mwinjilisti wa kanisa lake, kwa sauti yake ile ile, na mwinjilisti hakumsalimia kwa majuma mawili.

Hivyo ndivyo alivyojua kuhusu Nelima, mke wa Kyalo. Kyalo ndiye mwanawe wa pekee, fundi wa mawe anayejenga nyumba huko Mugutha. Nelima alitoka pande za Bungoma, akapata kibarua katika kiwanda cha matunda, kusimama tangu asubuhi hadi jioni akimenya mananasi. Jumapili moja alipita mezani, akainama, akanusa odowa. Ndunge akapiga kigelegele. Soko zima likajua, hata wauza viatu.

Furaha ile ilidumu siku mbili, kisha woga ukaingia. Mnapaswa kujua kwamba Kyalo alizaliwa na kilo nne na nusu, nyumbani, huko Mwala, baada ya siku mbili za uchungu. Ndunge husimulia habari hiyo kila penye arusi. Aliisimulia hata kwenye arusi ya Kyalo mwenyewe, akiwa na maikrofoni, huku bwana arusi na mabega yake mapana akitazama viatu vyake. Kutokana na kisa hicho Ndunge alijiundia sheria moja, na hakuna daktari aliyeweza kuitikisa.

"Mtoto anenepee nje," alikuwa akisema. "Akinenepea ndani, ni kisu."

Basi Nelima akakatazwa mayai, kwa kuwa yanakuza kichwa cha mtoto. Akakatazwa avokado. Uji nusu kikombe. Jioni chai tu. Na njaa ikimkaba, hapo ndipo Ndunge alipoonyesha ukarimu: odowa, bila malipo, za kuchaguliwa. Msimcheke peke yake. Akina mama wengi wa Makongeni wanaamini vivyo hivyo, na wanaogopa operesheni kuliko wanavyomwogopa mwenye nyumba. Nami nilikuwa mmoja wao.

Nelima naye alikuwa na woga wake. Kiwandani, kibarua akionekana na tumbo, kesho yake haitwi kazini. Kwa hivyo alijifunga leso kiunoni, akavaa koti juu, akawa hana nafasi ya kwenda kliniki mpaka mimba ikafika mwezi wa sita. Nesi wa kliniki alimwambia wazi: damu iko chini, tumbo ni dogo, aache mawe, ale, ameze tembe. Alirudi na tembe zake kwenye karatasi. Ndunge alizigeuzageuza kama mtu anayekagua noti bandia.

"Ngai! Hizi ndizo zinanenepesha mtoto," akasema, akazitia kwenye mkebe wa majani ya chai.

Siku moja, mwezi wa saba, Nelima alitoka kazini akaja moja kwa moja kwangu. Aliketi nyuma ya sufuria yangu, pale ambapo Ndunge hawezi kumwona, akala sahani nzima ya githeri bila kuinua kichwa. Kisha akajifuta mdomo.

"Auntie Wayua, please, usimwambie Mama."

"Kwani kula ni dhambi?"

"Si dhambi. Atasikia vibaya tu."

Sikumwambia. Lakini pia sikumwendea Ndunge nikamwambia, wewe mwanamke, huyu mtoto wa watu ana njaa. Nilijiambia mambo ya mkwe na mama mkwe si ya kuingiliwa. Mpaka leo nikikumbuka najichukia kidogo.

Nelima alijifungua Jumanne, saa nne asubuhi. Nilipofika hospitalini na chupa ya uji, nilimkuta Ndunge akicheza kwenye korido, mikono juu, kama yuko kwaya.

"Hakuna kisu, Wayua! Hata uzi hakuna! Si nilisema?"

Mlango ukafunguka. Akatoka nesi mmoja mfupi, jina lake Mourine, uso umekunjamana. Ni msichana, alisema. Ametimiza miezi yake yote, lakini ana kilo moja na gramu mia saba.

"Si mbaya," Ndunge akasema. "Sasa atanenepea nje."

"Shosho, huyu hata joto lake mwenyewe hana. Tusipokuwa makini, hafiki wiki ijayo."

Ndunge alishusha mikono. Mourine akaeleza kwamba Nelima ametokwa na damu, na kwa kuwa damu yenyewe ilikuwa kidogo tangu mwanzo, anaongezewa nyingine na hawezi kumbeba mtoto. Anahitajika mtu wa kumbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, kutwa nzima. Sote tukamtazama Kyalo. Kyalo, anayebeba mawe ya kujengea kwa bega moja, alitafuta kiti akaketi.

"Mwaitu," akamwambia mamake, "mimi nitamvunja."

Ikabidi awe Ndunge. Huyu ni mwanamke anayefunga vifungo mpaka kidevuni hata jua la Februari likiwaka, na sasa alitakiwa kufungua blauzi mbele ya wodi nzima ya wageni. Alinigeukia kama kwamba mimi ndiye niliyepanga.

"Harakisha, shosho," Mourine akasema.

"Mimi ni susu. Shosho ni nyanya za Wakikuyu."

"Sawa, susu. Fungua."

Alifungua. Mourine akamlaza mtoto kifuani, akamfunga na kitambaa, kichwa kimegeuzwa upande. Ndunge aliweka kiganja mgongoni mwa mtoto, na kiganja kikaufunika mgongo wote.

"Wayua," akasema baadaye, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo. "Nimewahi kumuuzia mtu fungu zito kuliko huyu."

Siku tatu za kwanza mtoto alipungua. Kila asubuhi mizani ilisema kidogo kuliko jana, na kila asubuhi Ndunge alimrudisha kifuani haraka, kana kwamba mizani ndiyo inayomla. Alikataa kupokewa mtoto. Meza yake sokoni ilikaa na turubai juu, wateja wakaja kuniuliza, nikawaambia sijui. Siku ya tano mtoto aliongeza gramu ishirini. Siku ya saba, arobaini na tano, na Mourine akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu tumjue.

Siku hiyo hiyo alileta faili kitandani kwa Nelima, ambaye sasa aliweza kuketi. Ndunge alikuwa kwenye kiti cha pembeni, mtoto kifuani.

"Kuna maswali hukujibu," Mourine akasema. "Ulikuwa unakula vizuri?"

"Kidogo. Sikuwa na appetite."

"Na zile tembe za kuongeza damu?"

"Zilikuwa zinanitapisha."

"Wasichana wa siku hizi! Mnaogopa kunona, mtoto ndiye anaumia. Unaona vile umemfanya?"

Nelima aliinamisha kichwa. Nilimtazama Ndunge. Hakuna aliyejua zaidi yetu watatu, mtoto alikuwa anaongezeka, na baada ya wiki wangekuwa nyumbani. Angenyamaza tu. Akakohoa.

"Sista, huyo anakudanganya. Ni mimi. Nilimnyima mayai, nikamnyima uji, tembe nikazitia kwa mkebe, na mawe nikampa mimi mwenyewe. Andika Ndunge."

Mourine alitazama karatasi yake juu mpaka chini. "Susu, hapa hakuna mahali pa kuandika hivyo."

"Basi andika pembeni."

Kisha Ndunge akamgeukia Nelima. "Kwa kliniki hawakukuambia uwache hayo mawe?"

"Waliniambia, Mama."

"Sasa mbona ukaendelea kutafuna?"

Nelima alivuta shuka, akaikunja pindo, akaikunjua. "Kila jioni ulikuwa unanichagulia yale mazuri, unayapanguza na leso yako, ndio unanipa. Mimi nimelelewa kwa nyumba nne, Mama. Hakuna hata moja mtu aliwahi kunichagulia kitu. Ningekuambia hapana aje?"

Machozi yalimtoka Ndunge, lakini alijikaza asipumue kwa nguvu, mabega yametulia kabisa, kifua kisitikisike, maana mtoto alikuwa amelala hapo.