Kelele Yangu na Kashe ya Beni

Majina ya bale batu bote niko nayo mu kichwa, na ya bibi zabo, na ya ile imbwa yenye ilikuwa inalala mbele ya biro. Sitayaandika. Haiko woga. Bengine bangali bazima, na bibi ya mumoja njo ananiuzishia bunga, na bunga yake ni nzuri.

Ile wakati vita ilikuwa imetugawa kama nyama ya sikukuu. Mu Butembo na Beni kulikuwa mouvement, baasi benye kutawala miji, na biro yake, na karatasi yake, na kashe, ile muhuri ya wino yenye bakubwa balipenda kupita bibi zabo. Ku milima ya Lubero, njia ya kupanda Kipese, kulikuwa bapiganaji bengine, bale ba pori, benye habakukuwa na biro mais balikuwa na barieri ya kufunga njia. Mouvement ilikuwa inatukomboa asubuhi, bale ba pori banatukomboa kisha saa sita, na sisi benye kukombolewa tulikuwa tunalipa pande zote mbili.

Mimi nilikuwa nauzisha biazi mu soko ya Butembo. Biazi bya Kipese, bile byekundu, byenye ukibitia ku moto binapasuka ngozi na kuonyesha bunga ya ndani. Kwetu tunasema biazi binacheka. Bilitoka mu shamba ya mama yangu, na mama yangu alikuwa huko, mugonjwa wa miguu, amekatala kushuka mujini. "Niende kulala chini ya mabati, mvua inanipigia kelele? Hapana." Donc kila juma nilikuwa napanda na chumvi, sabuni na dawa yake ya miguu, nashuka nyuma ya mutu wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, mwenye kubeba mifuko yangu. Hakukuwa mutu mwingine wa kumupelekea ile dawa. Njia ikifungwa, mama yangu anabakia pale juu peke yake na maumivu yake. Kumbukeni ile, juu mu hii mambo yote batu balicheka sana, na mimi pia nilicheka, mais miguu ya mama haikukuwa inacheka.

Mu soko kila mama alikuwa na kelele yake. Bateja banaijua kama mutoto anavyojua mulango wa kwabo. Yangu ilikuwa hivi:

"Ya bale bengine imeoza, ee! Yangu inacheka mu chungu!"

Bale bengine ni mama ba meza ya pembeni. Na bo balikuwa na ya kunijibu, na matusi kidogo ndani, na jioni tunarudi pamoja na kugawana ndizi. Hii njo soko.

Basi siku moja kukapita mwanamuziki. Haikukuwa mutoto: mwanaume mwenye bibi na viatu bya ngozi, mutoto wa mushemasi. Alikuwa na chumba nyuma ya duka ya petroli, na mule ndani piano ya batri na masanduku ya mayai ku ukuta ya kuzuia kelele ya inje. Akatembea kati ya meza zetu na radio-kaseti ku bega kama mutu anabeba mugonjwa. Tukamuuliza anatafuta nini. Akasema: "Ambiance tu, ba mama, sauti za soko. Endeleeni tu." Tukaendelea. Nani anakatalia mutu ambiance?

Kisha majuma kidogo, radio ya kinyozi ikapiga wimbo mupya. Kengele, ngoma, sauti ya mwanaume inasema mouvement ni muavuli yetu, mouvement ni blanketi yetu. Mimi najisemea: bunga tu haikutajwa. Halafu, katikati ya ngoma, mama mumoja akapiga kelele:

"Ya bale bengine imeoza, ee! Imeoza, ee! Imeoza, ee!"

Kiazi kilianguka mu mukono yangu. Yule mama ni mimi. Yule mwanamuziki alikuwa amekata chungu, amekata kicheko, amebakisha uozo tu. Kisha anarudilia muavuli.

Jirani yangu wa meza, na yeye wa biazi, mama wa sauti ya nguvu kama turumbeta ya misa, akapiga makofi. "Yaya, dada yangu! Umekuwa vedette, nyota ya radio! Siku utakula kuku na ba chef, ututupie mifupa!"

Soko yote ikacheka. Na mimi nikacheka, nikacheza hata kidogo. Siku ile nilikuwa mujinga mwenye furaha.

Kisha mutu wangu wa chukudu akashuka kutoka Kipese, mifuko mitupu, biazi byote bimebakia ku barieri. Akakaa chini mbele ya meza yangu, akapanguza jasho.

"Mama, pale ku barieri banasikiliza radio."

"Basi?"

"Komanda anasema hivi: mwambie yule mama wa soko yenu mwenye kusema ku radio tumeoza, akuje hapa tumunuse na yeye."

Hakuna mutu alicheka tena.

Nikaenda ku chumba ya mwanamuziki na kitambaa ya kazi ku kiuno. Nikamuambia: mwana wangu, toa sauti yangu mu wimbo yako.

"Haiwezekane, Mama. Yote iko en ordre." Akanionyesha karatasi. Nilisoma kidogo kwa mission, mais kashe hata mbuzi anaitambua. "Nilipata otorizasio ku Beni ya kutumia kelele ya soko."

"Nani aliitoa? Mimi?"

"Mouvement. Soko ni ya mouvement, si ndiyo? Unalipa tike ya meza kila asubuhi? Sasa, chenye kiko mu soko ni cha mouvement."

"Na sauti yangu?"

"Ilikuwa mu soko."

"Na nikikohoa mu soko?"

Akafikiri kabisa, yule mutoto wa mushemasi, akakuna kichwa. "Ile inategemea, Mama. Kama iko na rythme."

Akaniambia kama nataka kuitoa, ni ule ule mukubwa wa kashe njo anaweza kuamuru. Basi nikapanda gari ya kahawa, nikaenda Beni. Siku ile ilikuwa ya kupeleka dawa Kipese, na dawa ilibakia mu kikapo ku nyumba.

Biro ya mambo ya muziki ilikuwa mu depo ya zamani ya kahawa. Mukubwa mwenyewe, mbele ya vita, alikuwa anapima kahawa mu ile depo ile ile. Vita ikakuja, balanzi, ile mizani, ikaenda, yeye akabakia, bakamupatia nyimbo za kupima. Nikangojea nyuma ya kwaya ya Baprotestanti yenye ilikuwa inaomba ruhusa ya kuimba Pasaka. Kwengine kote Yesu anafufuka bila kashe, mais ku Beni hapana.

"Mama," mukubwa akasema, "unalalamika kama sauti ya mu wimbo ni yako. Preuve, ushahidi, iko wapi?"

"Chef, preuve iko mu koo."

"Biro haiandike koo. Tuonyeshe."

Nikasimama. Kwetu mutu hapigi kelele ya soko ndani ya nyumba ya bakubwa, ni haya. Mais nilifikiria miguu ya mama yangu, nikafungua kinywa, nikaipiga yote, uozo na kicheko na chungu. Mabati ya depo ikatetemeka. Imbwa ya mbele ya mulango ikakimbia. Na kutoka biro ya kodi, pale pembeni, akatokea karani mumoja na kifuko mukononi:

"Biazi biko wapi? Ni ya bei gani?"

Hata mukubwa alishindwa kujizuia. Akacheka mupaka akavua lunettes za macho. Kisha akavaa tena lunettes na akili ikamutoka tena.

"Bon. Ni sauti yako, nimehakikisha. Sasa unataka kuondoa ruhusa?"

"Ndiyo, chef."

"Mais hukutoa ruhusa. Utaondoa namna gani kitu chenye hukutoa?" Akavuta karatasi. "Unasaini hapa kwamba ulitupatia sauti yako, kwa mapenzi yako, juu ya mouvement. Tunapiga kashe. Kisha unaandika demande, barua ya kuomba kuiondoa, na sisi tunaisoma."

"Chef, mutu akiiba mbuzi yangu, nikija kuidai, munaniambia nisaini kwanza kwamba nilimupa?"

"Mbuzi, Mama, iko ku service ingine."

Alikuwa anasema kweli kabisa, bila kuchekelea. Akaongeza, kama mutu anagawia batoto bonbon, kwamba jina yangu itasomwa ku radio, ili batu bajue mouvement inaheshimu baimbaji bake. Nikaona ile radio. Nikaona komanda wa barieri amekaa karibu yake na sikio wazi. Leo balikuwa na sauti tu. Kesho bangekuwa na sauti, jina na saini. Nikarudisha bic yake ya kuandikia polepole, kama mutu anaweka yayi ku meza.

"Sitasaini."

"Basi wimbo unabakia."

"Ubakie."

"Unakatala haki yako, Mama!" Alikasirika kweli. Nafikiri mupaka leo anahadisia batu kama kulikuwa mama mumoja mujinga wa Butembo mwenye alikatala haki.

Mu gari ya kurudi nililia kidogo, kisha nikasinzia, kisha nikafika. Asubuhi nikakuta jirani yangu anabachekesha bateja: ananiiga. Mikono ku kiuno, shingo mbele, "Ya bale bengine imeoza, ee!" Na sauti yake ile, Mungu wangu, ilikuwa imenipita. Kinyozi alitoka kuangalia kama ni radio.

Pale akili ikaniingia. Nikamuambia: "Yaya, uipige tena. Uipige kila siku. Na weye, na weye wa puaro, na weye wa karoti. Mupige bote."

"Kelele yako? Mutu hapigi kelele ya mwenzake."

"Nabapatia ninyi bote."

"Na kashe?" akauliza mama wa puaro, bile bitunguu bya majani marefu. Bakacheka.

"Bila kashe. Bote tunapanda Kipese, bote tuko na mifuko kule. Kama barieri inanifunga mimi, kesho itamufunga mwenye kukaa karibu na mimi."

Jirani yangu alipanguza mikono ku kitenge. Ni mufanyabiashara, haiko mutakatifu. "Sawa. Mais yaya, usikuje kesho kutwa kuidai. Ukinipa, umenipa."

"Nimekupa."

Siku ya kupanda, tulipanda kundi zima, na bikapo na bitenge bya kubeba bitu. Dawa ya mama ilikuwa mu kifua yangu. Ku barieri, kamba ilikuwa inakatisha njia, na komanda amekaa ku kiti ya plastiki na radio yake. Akasimama.

"Nani kati yenu ni mama wa radio?"

Nilifungua kinywa, na mbele sijasema, jirani yangu akapayuka:

"Ya bale bengine imeoza, ee!"

Wa puaro akamufuata. Wa karoti akamufuata. Kisha bote, na mimi ndani, mupaka ndege bakatoka mu mikaratusi. Komanda akainua mikono.

"Nimeuliza nani!"

"Mimi!" jirani akasema.

"Bongo, anadanganya! Ni mimi!" wa puaro.

"Komanda, bote banakudanganya, ni mimi, na yule mutu wa piano hakunipa hata sabuni!" wa karoti.

"Na inaendelea, komanda," nikasema, kwa sauti ya chini, "balikata mwisho. Ni wimbo ya biazi. Sikiliza mwisho yake." Na bo bakamupigia ya mwisho: yangu inacheka mu chungu. Mupiganaji mumoja, mutoto wa Luofu mwenye alikulia mu biazi, akaanza kucheka, akaelewa mbele komanda hajaelewa. Balisemezana pembeni. Kufunga mumoja ilikuwa kazi ndogo. Kufunga bote ilikuwa kukosa biazi, puaro, chumvi na sabuni siku ile ile, na bale ba pori balikuwa banakula kama sisi.

"Piteni," komanda akasema. "Tika, inatosha! Piteni, kichwa inaniuma. Na kurudi, muache mufuko moja hapa."

Mama yangu nilimukuta amekaa ku mulango, miguu imevimba kama mihogo. Hakuniuliza Beni, hakuniuliza wimbo. Aliuliza kwa nini nimechelewa na dawa yake, akanitukana vizuri, akanyoosha mguu. Nikamupakaa. Wasingya, asante, akasema kisha, kwa sauti ndogo, na kwake ile ilikuwa hotuba.

Wimbo iliendelea kulia mu radio mupaka bakubwa bakaachana na muavuli ile, bakatafuta ingine. Kelele yangu nayo, jirani yangu aliishika na mikono mbili. Bateja bangu ba zamani balikuwa banasikia kelele, banaifuata, banafika ku meza yake, na pale baliuziwa. Mimi nilikaa nyuma ya biazi byangu, kimya, kama mujane mu misa. Siku moja njaa ilinishika, nikajaribu kuipiga mara moja tu. Mama mumoja mwenye kofia akageuka, akaniangalia na huruma.

"Mama, haya haikushike? Ile ni kelele ya huyu mwenzako."

Jirani yangu alipanga biazi byake, akasukuma kimoja kikubwa ku meza yangu. Nilikichukua. Kesho yake ilikuwa siku ya kupanda Kipese, na njia ilikuwa wazi.