Vitanda vya Bi Raya na Madereva wa Lusahunga

Mjinga mara ya kwanza alikuwa yeye mwenyewe, na Pancras Bulugu hatafuti wa kumsaidia kuubeba ujinga huo. Anacheka, anafuta kioo cha simu kwa pindo la shati, kisha anampa Bi Raya, mwenye gesti, auone ukurasa mpya wa tovuti ya gesti hiyo hapa Lusahunga, wanapolala madereva wa malori ya masafa marefu. Bi Raya akiukataa, kazi imekwisha, na Pancras atarudi kwenye bodaboda mjini Ngara.

Huko stendi ndiko alikojifunza kutengeneza tovuti, kwa simu, akisubiri abiria. Bi Raya ndiye mteja wake wa kwanza wa maana.

Tovuti ya kwanza ilimeremeta. Vitanda vya mninga, mashuka yamekunjwa yakawa bata, picha zinapishana zenyewe. Bi Raya aliipenda hadi akawatumia ndugu zake Tanga. Malori nayo yakaendelea kumpita, yakalala kwa jirani. Simu ya gesti ilinyamaza mwezi mzima.

"Nikaulaumu mtandao," anasema Pancras. "Nikawalaumu na madereva, eti washamba."

Mwisho akanunua chai, akakaa na madereva hao hao uwanjani kwa jirani, akawauliza wanatafuta nini. Kwanza walimcheka. Kitanda cha nini? Aliyebeba mali ya watu analala ndani ya lori, aamke turubai halijachanwa na wezi. Anachotaka ni uzio, mlinzi, maji ya moto ya kuoga, na ugali hata akifika usiku wa manane. Wale bata wa mashuka walikuwa wanammalizia bando la simu tu.

Ukurasa mpya unaanza na geti, uwanja wenye taa, na namba ya simu. Vitanda viko chini kabisa. Ukikubalika, Pancras anapanga kwenda kuwatengenezea tovuti wauza mbegu wa Nyamigogo, na safari hii ataanza kwa kuwauliza wakulima.

Lakini Bi Raya amenuna.

"Nimehangaika na seremala mpaka Biharamulo, mwanangu, halafu unanitangazia geti? Vitanda virudi juu."

Pancras anaeleza, anabembeleza. Wapi. Bi Raya anamwita Mzee Fideli, mmoja wa madereva wale wa chai, aliyeingia leo kuujaribu uwanja wa gesti na sasa anapita na ndoo ya kuogea. Anamwonyesha picha kwenye simu, aamue yeye: vitanda hivi si vizuri?

Mzee Fideli anaweka ndoo chini, anaitazama picha kwa heshima zote.

"Vizuri sana, Bi Raya. Sasa lori langu nililaze kwenye kipi?"