Masikio ya Ndama wa Namelok

Kikulacho ki nguoni mwako. Aliyemla Mwalimu Namelok ni Blandina, waliyesoma naye ualimu, wakala sahani moja, wakaazimana hadi kanga.

Mwaka 1979 Namelok alikuwa na miaka arobaini na kitu, akifundisha darasa la kwanza huku Ngorongoro. Mimi nilifundisha chumba cha pili. Watoto wetu walisoma habari za minazi wasiyoijua, basi akawaandikia hadithi yao. Ndama anapotea kwenye ukungu, anateremka hadi mashamba ya ngano ya Mbulumbulu, na mkulima mmoja anamrudisha kwao kwa kuitambua alama ya masikioni. Alama aliitoa bomani kwa baba yake: sikio la kushoto limekatwa ncha, la kulia limetobolewa. Kwa Wamaasai kila ukoo una alama yake, na hata mtoto mdogo anaijua.

Blandina, ambaye wakati huo alifanya kazi kwa wachapaji Arusha, alikuja likizo, akaisoma, akatoa machozi.

"Nipe niipeleke, dada yangu."

Akapewa. Nani angemnyima?

Kitabu kilipofika shuleni, Namelok alikipokea kwa mikono miwili. Jaladani palikuwa na jina la Blandina. Mimi nilitukana, yeye akazigawa nakala darasani kwa kuwa hatukuwa na vitabu vingine. Binti mmoja, Nosim, alisoma mpaka penye masikio, akainua kichwa.

"Mwalimu, huyu ndama si wa kwenu? Amefikaje kwa huyu mama?"

Namelok akatoka nje.

Uchungu ulimfanya aandike hadithi ya pili ya ndama yuleyule, akaipeleka mwenyewe kwa wachapaji Arusha. Bwana wa pale aliipenda.

"Ila ndama huyu ni wa Mama Blandina. Mbadilishie masikio, tutachapa."

Kwa wafugaji, anayebadilisha alama ya ng'ombe ni mwizi. Namelok aliniambia hivyo jikoni kwangu, kalamu mkononi, na sijapata kumwona mtu ameumia vile. Bado alitaka watoto wamsome. Akaandika: masikio yote mawili yamekatwa ncha.

Kitabu kilitoka 1984 na jina lake jaladani. Shule nzima ilipiga makofi. Nosim, sasa msichana mkubwa, alikifungua, akasoma mpaka penye masikio, akakunja uso.

"Na huyu ni wa nani, Mwalimu?"

"Simjui," akasema Namelok.