Shemeji Ana Nyumba Uholanzi, Mimi Nataka Kulala Hemani

Ndugu msimamizi, pokea salamu zangu, nami nakuomba unihifadhie jina. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, Mtanzania, mkazi wa Toronto. Nimeolewa na tumejaliwa watoto wawili: binti wa miaka sita, nitakayemwita Imani, na mdogo wake wa miaka mitatu. Tunaishi ghorofani, Flemingdon Park. Mwaka huu nimehitimu shahada ya uzamili katika mipango miji, shahada niliyoisomea huku nikinyonyesha, nikipika na kuwahi basi la Don Mills na kigari cha mtoto mkononi. Sikutaka sherehe. Nilimwomba mume wangu kitu kimoja tu: likizo ya sisi wanne peke yetu.

Tulichagua pamoja kambi ya familia huko Uholanzi, kandokando ya ziwa. Unakuta hema kubwa la turubai limeshasimamishwa, ndani kuna vitanda na jiko la gesi, na bafu la pamoja lina masinki mafupi ya watoto. Shuka unabeba mwenyewe. Tangu tulipopata nafasi, nyumba yetu imegeuka uwanja wa mazoezi. Tulifunga kamba sebuleni, tukatundika mashuka yakawa hema, na watoto wakajifunza kulala chini bila kulilia vitanda vyao. Nimewanunulia mabuti ya mvua na tochi za kuvaa kichwani, na kila jioni tunatembea kwenye korido ya ghorofa tukijifanya tunakwenda choo cha kambi. Mdogo humulika mlango wa jirani na kubisha hodi. Jirani keshazoea, hujibu, "Kuna mtu!"

Kosa lilianza pale mume wangu, kwa furaha zake, alipotuma picha ya hema letu la sebuleni katika kundi la ukoo wao. Jumapili iliyofuata, dada yake anayeishi Pickering, mji jirani na Toronto, alifika baada ya ibada. Aliinua shuka kwa ncha ya kidole akachungulia.

"Wifi, hiki ndicho mnapanda ndege kwenda kulalia? Wenzenu tumekimbia vumbi, nyie mnalilipia!"

"Vumbi la kule limefagiliwa, wifi," nilimjibu, tukacheka.

Kisha akaacha kucheka. "Na kaka yetu yuko pale pale Uholanzi, ana nyumba ya vyumba vinne. Umemfikiria?"

Nilikuwa nimemfikiria. Nilipanga tukale kwake Jumapili ya kwanza, na zawadi zao nimeshazifunga. Lakini kabla sijamaliza kueleza, kaka mwenyewe akapiga simu, na mume wangu akaweka spika.

"Shemeji, shikamoo nimeipokea, lakini nasikia mlitaka kulala porini na mimi nipo hai?"

"Si porini, shemeji. Ni kambi ya familia, ina hata duka la mikate."

"Hata kama ina kanisa! Watanzania wa hapa wataniuliza, mdogo wako kafika, kafikia wapi? Niwajibu chini ya turubai? Watasema tumegombana. Chumba kipo, mke wangu kashatandika. Na watu nimeshawaalika, nimewaambia anakuja shemeji mwenye pilau lake. Kila Jumamosi tutakuwa na wageni."

Kila Jumamosi! Ndugu wasomaji, nampenda na kumheshimu shemeji yangu. Ndiye aliyemsomesha mume wangu. Lakini naijua likizo ya mke wa mdogo mtu katika nyumba ya kaka mtu. Hata kwa dada mtu ni hivyo hivyo: Pasaka iliyopita tulikuwa Pickering kwa wifi. Nilifika na watoto wangu, nikavaa kitenge, nikaingia jikoni, na watoto hao nilikuja kuwaona tena tulipokuwa tunapanda gari kurudi. Hakuna aliyenituma wala kunitukana. Ndivyo inavyotarajiwa, na mimi nilitarajia hivyo hivyo. Safari hii nakataa.

Simu ilipokatika nilimgeukia mume wangu. Alikuwa anatazama zulia.

"Mama Imani, nimeshamkubalia tangu juzi. Tutafikia kwake. Kambini tutapita mchana mmoja, watoto wapaone."

"Wapaone? Kwani ni makumbusho?"

"Usinifanye nionekane sina adabu mbele ya kaka yangu."

Wifi akadakia, "Mwanamke akisoma sana ndio haya."

"Ndio haya hasa, wifi," nilimwambia, na sikupandisha sauti. "Nafasi ya kambi imewekwa kwa jina langu. Mimi na wanangu tutalala hemani. Baba Imani atalala anapoona heshima yake inamtosha."

Tangu siku hiyo mume wangu ananisalimu kama mfanyakazi mwenzake. Mazoezi yanaendelea. Jana Imani aliniuliza, kwa Kiingereza chake, kama baba atapata kitanda ndani ya hema. Nilimwambia ukweli kwamba kitanda chake kipo, ila baba hajaamua.

Basi msipoteze muda kunishauri kuhusu kwenda. Nitakwenda, nitaoga bafu la pamoja, nitawapikia wanangu tambi na hakuna mgeni atakayeonja. Linalonisumbua ni hili: shemeji bado anaamini tunafikia kwake, na amesema atatupokea uwanja wa ndege. Nikimpigia mimi kumweleza, nitaitwa mke aliyempanda mume kichwani, na mume wangu hatanisamehe kwa kumsemea mbele ya kaka yake. Nikimwachia mume wangu, namjua, atanyamaza mpaka tukute gari linatusubiri, na mimi sitaingia ndani ya gari hilo.

Wenye ndoa na wenye mashemeji, nielekezeni: simu hiyo niipige mimi, au nimsubiri mwanamume wangu aseme mwenyewe kwamba mke wake anataka kupumzika?