Nusu ya Mke Mwenza

Wiki hii nilikuwa nimempakata mwanangu kwenye benchi la kliniki, Malindi. Kwa sababu ya joto mlango wa daktari ulikuwa wazi, na ndani alikuwamo mama mmoja wa Mambrui, aliyerudi kwa dawa zake za huzuni na wasiwasi.

"Mwezi wa pili huu na bado hulali," alisema daktari, binti mdogo. "Vidonge unameza?"

"Nameza, mwanangu. Nusu."

"Nusu? Si nilikwambia kizima kila asubuhi?"

Mama akavuta ncha ya buibui lake. "Nusu nyingine nampa mke mwenzangu. Tangu afiwe na mwanawe hali wala hasemi. Ningemezaje peke yangu, naye yuko chumba cha pili analia?"

Jirani yangu wa benchi akaninong'oneza, "Wangu hata kiberiti haniazimi."

Nilidhani daktari atamgombeza. Akasema polepole, "Nusu haimtibu yeyote kati yenu. Na dawa niliyokuandikia wewe huenda isimfae yeye. Lazima nimsikilize kwanza. Mlete."

"Yuko nje. Ameona haya kuingia."

Daktari akatoka mwenyewe kumwita.

Wasomaji, dawa ya mtu haigawanywi. Nimesikia na nimeelewa. Ila moyo wa kuigawa sijamaliza kuustaajabia. Mwenzake alipoingia, yule mama alimpisha kiti, akamshika bega.

"Mweleze yote," akamwambia. "Hata ninavyokuudhi."